Kadi Nane Hazifi Siku Moja

Kabla ya kompyuta palikuwa na swichibodi, na mbele ya swichibodi alikaa mwanamke ambaye hospitali nzima ilimjua kwa sauti kuliko kwa sura. Daktari mgeni aliweza kumaliza mwaka mzima akiambiwa "subiri nikuunganishe" kabla hajakutana naye ukumbini na kugundua kuwa mwenye sauti ile nene ni mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mwendo wa mtu anayechelewa. Walimwita Bi Swichi. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilibaki kwa mhasibu na kwa mama yake mzazi.

Miaka ishirini na miwili alikaa pale, na katika miaka hiyo alijifunza jambo moja ambalo hakufundishwa na mtu: laini haifi hivihivi. Muuguzi akija analalamika kuwa simu ya wodi ya wazazi imekufa, Bi Swichi hakubishana wala hakukubali. Alichukua kipande chake cha waya wa majaribio, akaanza mwanzo wa laini, akaifuata kutoka kiungo hadi kiungo mpaka alipofika mahali sauti inapopotelea. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pana mahali pake. Mara nyingi palikuwa penye mlango wa chuma wa stoo, uliokuwa ukiutafuna waya kila ulipofungwa.

Halafu kila mtu akawa na simu mfukoni, na swichibodi ikang'olewa ukutani kama jino bovu. Katibu wa hospitali, mtu mpole mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikononi, alimwita ofisini akamsogezea barua ya kustaafu mapema. Bi Swichi aliisoma yote. Akaigeuza aone kama nyuma yake pana neno. Akairudisha mezani.

"Bwana Katibu, hii barua ina kosa."

"Kosa gani, mama?"

"Inasema nimeomba kustaafu. Mimi sijaomba."

Katibu alikuna kidevu. Hakuwa na ubaya, alikuwa tu mtu anayependa mambo yaende kimya kimya. Ikabidi wamtafutie pa kukaa, wakampeleka masjala, chumba kirefu cha mafaili ya wagonjwa, chenye madirisha matatu na harufu ya karatasi zilizolala miaka mingi. Huko alimkuta Mzee Faili, karani aliyekuwa akikijua kila kifurushi kwa mkao wake rafuni. Kompyuta nane zilipoletwa na kupangwa mezani, Mzee Faili alizitazama kama mtu aliyeletewa wakwe wanane bila taarifa.

Kompyuta zile ziliwekewa Linux, mfumo wa uendeshaji, maana haikuwa na ada ya leseni. Yakaandaliwa mafunzo ya siku tatu kwa makarani. Bi Swichi hakualikwa, yeye alikuwa bado anahesabiwa mtu wa simu. Alibeba kiti chake mwenyewe, akakaa nyuma kabisa, akaandika kila kitu. Siku ya tatu ndiye peke yake aliyekuwa na maswali, na mafunzo yalipokwisha ndiye aliyekuwa akimpigia simu fundi aliyezifunga, kuuliza hiki kwa nini na kile kwa nini, mpaka fundi yule, alipohamishwa, akamwachia neno la siri la usimamizi wa mashine zote nane. "Chukua wewe," alimwambia. "Hapa hakuna mwingine atakayelitafuta."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa miaka minane, mpaka fundi mpya wa makao makuu alipokuja siku ya Jumamosi kuzisasisha mashine.

Jumatatu asubuhi makarani waliketi, wakawasha, na hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua rejista ya wagonjwa. Rejista haikai ndani ya kompyuta za masjala. Inakaa kwenye seva, mashine kubwa iliyofungiwa katika kijichumba cha nyuma, na kompyuta nane huifikia kwa nyaya. Sasa kila moja iliandika neno lilelile kwenye kona ya skrini: hakuna mtandao. Hakuna namba ya faili, basi hakuna faili. Hakuna faili, basi daktari hana la kusoma. Ilipofika saa nne foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imepita bustanini na kufika getini, na mlinzi alikuwa akiwapanga watu kwa fimbo aliyoikata kwenye ua.

Fundi yuleyule wa makao makuu alirudi Jumanne. Alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini hivi, mwenye begi jipya na saa kubwa mkononi. Alikaa mbele ya mashine ya kwanza dakika kumi, ya pili dakika tano, ya tatu hakukaa, alisimama tu. Kisha akajifuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu kichafu.

"Kadi za mtandao zimekufa," akamwambia Katibu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mashine zenyewe ni za zamani. Nitaandika ripoti ziondolewe zote. Mpya zitakuja baada ya miezi minne, mitano."

"Na wagonjwa?"

"Wale wa kawaida waende hospitali kuu kwa sasa. Huko mfumo unafanya kazi."

Hospitali kuu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Bi Swichi, aliyekuwa amesimama kati ya rafu akiwa na mafaili kifuani, aliuliza kwa sauti yake ile ya zamani, "Zote nane?"

"Zote nane, mama."

"Zimekufa siku moja?"

"Ndiyo."

"Ndugu wanane wakifa siku moja, mwanangu, watu hawasemi walikuwa wazee. Watu wanauliza nyumba imeanguka au wamekula nini."

Mzee Faili alikohoa ili asicheke. Fundi hakucheka. Alifungua begi, akatoa karatasi za kubandika zilizoandikwa USIGUSE kwa wino mwekundu, akazipachika moja moja kwenye skrini zote nane. "Mama, heshima yako," alisema akiibandika ya mwisho. "Lakini kompyuta si swichibodi. Mtu akianza kugusagusa asichokijua, kesho lawama ni yangu."

Akaondoka. Katibu akaandika tangazo la kuwaelekeza wagonjwa hospitali kuu, akaamuru libandikwe mlangoni. Mtu wa kwanza kulisoma alikuwa mama mmoja mwenye pacha, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, waliokuja kwa chanjo. Alilisoma mara mbili. Alikaa kwenye ngazi, akahamisha mtoto wa mgongoni kuja mbele, akabaki anaangalia barabara kama mtu anayepiga hesabu ya safari. Bi Swichi alimtazama kupitia dirishani mpaka alipoinuka na kuondoka.

Wenzake walipotoka kwenda kula mchana, alibandua karatasi ya mashine ya kwanza, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya kibodi.

"Unafanya nini?" Mzee Faili akauliza.

"Nagusa."

Alianza mwanzo wa laini, kama alivyozoea. Alipiga magoti chini ya meza, akatazama nyuma ya kompyuta, mahali waya wa mtandao unapoingia kwenye kadi yake. Pana taa ndogo pale, ya kijani, ndogo kama punje ya mtama. Ilikuwa inawaka, na kila baada ya muda ilipepesa.

"Mzee, njoo uone."

Mzee Faili aliinama kwa shida, magoti yakilia. "Naona taa."

"Inafanya nini?"

"Inakonyeza."

"Ulishaona maiti ikikonyeza?"

Aliinuka, akakaa, akafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri. Akaiagiza mashine iorodheshe kila kifaa kilichomo tumboni mwake na programu inayokiendesha. Orodha ikashuka. Kifaa cha sauti, na chini yake jina la programu yake. Kifaa cha picha, na jina la programu yake. Kadi ya mtandao ilikuwemo, na jina la aliyeitengeneza na namba yake ya utambulisho, nzima kabisa. Chini yake, mahali pa jina la programu, hapakuwa na kitu.

"Ona," alimwambia Mzee Faili, kidole kikiwa kwenye skrini. "Kadi ipo. Haina dereva."

"Dereva gani? Wa ambulansi?"

"Kila kifaa humu ndani kina programu ndogo ya kukiendesha. Wenyewe wanaiita dereva. Gari lako liko barazani, tangi limejaa, magurudumu manne yapo, lakini hakuna mtu kwenye usukani. Utasema gari limekufa?"

Mzee Faili alifikiri. "Nitauliza dereva kaenda wapi."

"Basi na mimi ndilo ninaloliuliza."

Jibu alilipata siku ileile kabla ya saa nane, kwa kusoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe kila inapoamka. Dereva wa kadi zile hakuwa mmoja wa wale wanaokuja na Linux yenyewe. Fundi wa kwanza, yule aliyehamishwa, alikuwa amemjenga kwa mkono miaka minane iliyopita, akamfunga kwenye kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoziamuru nyingine zote, kilichokuwapo wakati ule. Kusasisha kwa Jumamosi kulileta kiini kipya. Kiini kipya hakikumjua dereva wa zamani, na dereva hakukijua kiini kipya, kwa hiyo kadi zikaachwa barazani, zote nane kwa pamoja, kwa sababu moja.

Kama ndivyo ilivyo, alijiambia, basi nikiwasha mashine kwa kiini cha zamani kadi itaamka. Lakini fundi mpya, baada ya kusasisha, alikuwa amefagia viini vya zamani ili kupata nafasi. Jumatano asubuhi Bi Swichi alizikagua moja baada ya nyingine. Ya kwanza, kimefutwa. Ya pili, kimefutwa. Aliendelea hivyo mpaka ya sita, ile ya karibu na dirisha, ambayo ilijizima Jumamosi kabla haijafagiwa, na fundi hakurudi kuimalizia. Pale kwenye orodha ya kuwashia, kiini cha zamani kilikuwa bado kipo, kimekaa chini ya kipya.

Alikichagua. Mashine ikavuma, ikatafakari, ikafunguka. Rejista ya wagonjwa ikajaa kwenye skrini kama kwamba hakuna kilichotokea.

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Katibu, akabisha, akaingia.

"Kadi hazijafa, Bwana Katibu. Njoo nikuonyeshe moja. Nyingine saba zinahitaji tu zijengewe dereva mpya."

Katibu aliweka kalamu chini taratibu. "Mama. Umebandua zile karatasi?"

"Nimebandua."

"Fundi kaandika ripoti. Mimi nimeitia sahihi jana jioni. Imeshakwenda makao makuu."

"Ripoti ikiwa ya uongo, sahihi haiigeuzi kuwa ya kweli."

"Sikusema ni ya kweli. Nimesema imekwenda." Akavuta pumzi. "Ijumaa wanakuja na gari kuzichukua. Wakikuta zimechezewa, nitaulizwa mimi. Nakuomba, rudi kwenye mafaili."

"Na foleni?"

"Foleni iko kwenye tangazo."

Saa sita mchana alipokea barua. Ilimtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini amegusa mali ya serikali kinyume na maelekezo. Bi Swichi alivuta kiti, akaandika jibu palepale mbele ya tarishi aliyeileta, tarishi akiwa bado ameshika kitabu cha kupokelea. Liliandikwa hivi: "Nimegusa kwa sababu zinafanya kazi. Nitaendelea kugusa mpaka zote zifanye kazi." Akatia sahihi, akaandika tarehe, akamrudishia.

Nyumbani, mumewe, fundi rangi ambaye hata kucha zake zilikuwa na historia ya nyumba za watu, aliisikiliza habari yote huku akisuuza brashi kwenye ndoo uani.

"Mama watoto, umebakisha miaka minne ustaafu."

"Najua."

"Wakikusimamisha?"

"Wanisimamishe. Lakini wasiniambie kitu kimekufa nami nakiona kinapumua."

Mumewe alikung'uta brashi. "Wewe ukiambiwa ukuta haupitiki, utauliza umejengwa na nani." Kisha akaongeza, bila kumwangalia, "Chaja ya simu yako ina waya mbovu. Kama ndio huo unaotaka kuutumia kuiunganisha na kompyuta, chukua wangu."

Hapo ndipo palikuwa na ugumu wenyewe. Dereva mpya alipatikana kwenye intaneti, lakini mashine zisizo na mtandao zitaufikiaje mtandao? Ni sawa na mtu aliyefungiwa nje na ufunguo uko mezani ndani. Mtandao wa hospitali wenyewe haukutoka nje ya ukuta, ulikwenda kwenye seva tu. Alhamisi asubuhi Bi Swichi alitumia simu yake. Aliiunganisha na kompyuta ya kwanza kwa ule waya wa mumewe, akawasha kushiriki intaneti, na Linux ikaipokea simu bila kuuliza jina, kwa kuwa dereva wa simu ilikuwa naye tayari. Akapakua msimbo wa kadi, yaani yale maandishi ambayo dereva hujengwa kwayo, pamoja na vifaa vya kujengea. Akaiagiza mashine ijenge.

Ilijenga mistari kama arobaini, kisha ikakataa. Makosa yakashuka mekundu skrini nzima.

Baada ya chai akajaribu tena. Ikakataa mahali palepale. Mzee Faili, ambaye kwa siku mbili alikuwa akisimama mlangoni kama mtu anayevuta hewa, kumbe yuko zamu akiangalia asije Katibu, akauliza, "Mara hii ndio imekufa kweli?"

"Mzee, wewe faili likikosekana rafuni unasema limeungua?"

"Nasema limewekwa pasipo pake."

"Haya basi."

Alisoma kosa lile la kwanza tu, maana alishajua kuwa kosa la kwanza ndilo mama na mengine ni watoto. Lilisema jambo dogo: msimbo ulikuwa wa zamani, ulikuwa ukikiita kiini kwa jina ambalo kiini kilishaliacha. Kama barua inayotumwa kwa mtu aliyehama. Alitafuta sentensi ile ya kosa, neno kwa neno, na kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wanaosaidiana akakuta mtu mwingine, asiyejulikana ni wa wapi, aliyekuwa na kadi hiyohiyo na kosa hilohilo miaka miwili kabla. Mtu yule alikuwa ameandika mistari mitatu ya kubadilisha, na mwisho akaweka neno moja: imekubali. Bi Swichi alibadilisha mistari mitatu. Aliandika herufi moja vibaya, akarudia.

Mashine ikajenga mpaka mwisho. Akamwingiza dereva kazini kwa amri moja. Akauliza tena orodha ya vifaa, na chini ya kadi ya mtandao, pale palipokuwa patupu tangu Jumatatu, pakawa na jina.

Aliiandika amri nzima kwenye karatasi, akaweka msimbo uliosahihishwa kwenye flashi, akaenda nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyekula akashiba.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi aliwasha ile mashine ya kwanza. Hakuna mtandao.

Alikaa akiitazama. Mzee Faili alimwona, akavuta kiti akakaa karibu naye. Bi Swichi aliitoa miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha. "Mimi ndiye mjinga," alisema. "Nilimweka dereva kwenye gari, sikumwambia arudi kesho." Kweli ilikuwa hivyo. Alikuwa amemwingiza dereva kwa siku ile tu. Mashine ilipozimwa, ikasahau. Ilimpasa kumsajili miongoni mwa wale wanaoamka pamoja na mashine, na tena kuiagiza mashine imjenge upya yenyewe kila kiini kitakapobadilika, jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifanya, na ndilo lililoleta yote haya. Alilifanya. Akazima, akawasha. Kadi ikaamka. Akazima tena, akawasha tena, kwa kuwa mara moja inaweza kuwa bahati.

Kisha akabandua karatasi zote zilizobaki na kupita na flashi mashine kwa mashine. Makarani walipoingia saa mbili walimkuta kwenye ya tatu. Hakuna aliyeuliza ruhusa imetoka wapi. Mmoja aliketi kwenye ya kwanza, akafungua rejista, akaita jina la mgonjwa wa mbele, na ikawa hivyo. Saa nne kasoro robo zote nane zilikuwa zikifanya kazi, na ile ya sita Bi Swichi aliijengea dereva wa kiini kipya mwisho kabisa, ila cha zamani akakiacha pale kilipo.

Gari la makao makuu liliingia saa tano. Fundi alishuka na vijana wawili wa kubeba na makasha matupu. Katibu alikuwa naye. Walipofika mlangoni mwa masjala walikuta watu wamejaa, makarani wanaandika, na karatasi nane za USIGUSE zimepangwa juu ya kabati kama karata.

"Nani kazigusa?" fundi akauliza.

"Mimi," Bi Swichi akasema. Aliinuka kwenye kiti cha mashine ya sita. "Keti hapa. Au chagua yoyote unayoitaka, hizi zote ni maiti zako. Yule baba mwenye mkongojo ndiye wa mbele kwenye foleni. Mtafute."

Fundi hakuketi. Aliinama tu, akaandika jina alilotajiwa na yule baba, na rekodi ikatokea, na tarehe ya mara ya mwisho alipofungwa kidonda. Fundi akafungua ule ukurasa mweusi, akaagiza orodha ya vifaa, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Hii haitadumu," akasema mwishowe. "Sasisho lingine likija, itakatika tena."

"Itajijenga yenyewe. Nimeisajili."

"Nani kakufundisha?"

"Kuna mtu aliandika. Mimi nikasoma."

Katibu alitazama foleni, akatazama makasha, akatazama saa. Kisha akawaambia wale vijana wawili, kwa upole wake uleule, kwamba wasisumbuke kushusha makasha mengine. Tangazo la mlangoni alilitoa yeye mwenyewe, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni.

Ingekuwa hadithi ya kuwafurahisha watoto, ingeishia hapo na cheti kwenye fremu. Wiki mbili baadaye ilifika ripoti mpya kutoka makao makuu, ikisema hitilafu ya mtandao katika masjala ilitatuliwa na mafundi wa makao makuu. Bi Swichi aliisoma kwenye ubao wa matangazo. Akaenda ofisini kwa Katibu akiwa nayo mkononi, pini ikiwa bado imening'inia.

"Hii pia ina kosa."

Katibu alifunga mlango kabla ya kujibu. "Mama, nisikilize. Ile barua ya kujieleza bado iko kwenye faili lako. Ukiandika mistari miwili tu ya kuomba radhi kwa kukiuka maelekezo, naitoa, naichana mbele yako. Yanakwisha."

"Nikiomba radhi nitakuwa nimekosa nini?"

"Uligusa."

"Niligusa, ndiyo. Wewe ulimwona yule mama mwenye pacha?"

Katibu hakumwona. Baada ya kuandika tangazo hakutoka tena ofisini.

"Basi iache barua failini," Bi Swichi akasema. "Na jibu langu liache hapohapo chini yake, lisianguke. Atakayelifungua faili asome yote mawili." Ile ripoti aliirudisha ubaoni alipoitoa, na pembeni mwake akachomeka karatasi yake, yenye maelezo ya hatua kwa hatua ya alivyowajenga madereva wanane, kwa amri zilezile, na sahihi yake chini. Ikatolewa. Akaweka nyingine. Ikatolewa. Ya tatu iliachwa, labda kwa sababu aliyekuwa akizitoa alichoka kabla yake.

Mwaka ule kwenye orodha ya watumishi bora jina lake halikuwemo. Mumewe alimuuliza kama imemuuma. Akasema imemuuma, na akaendelea kumenya viazi.

Sasisho lililofuata lilikuja miezi mitatu baadaye, Jumamosi vilevile. Fundi wa makao makuu alifika na begi lake, akamkuta Bi Swichi ameketi mlangoni mwa masjala juu ya kiti alichotoka nacho ndani, funguo mapajani.

"Mama, leo si zamu yako."

"Najua."

"Naweza kufanya mwenyewe."

"Fanya. Mimi nitakaa."

Alikaa kweli, kiti chake kikiwa bega kwa bega na cha fundi, kutoka mashine ya kwanza. Kiini kipya kikaingia, dereva akajijenga, kadi ikaamka. Fundi akaandika amri ya kufagia viini vya zamani, kidole kikaelekea kitufe cha kukubali.

"Hicho cha mwisho usikifute," Bi Swichi akasema.

"Kinakula nafasi."

"Acha kiile kidogo. Kiache kimoja kila mashine. Siku kipya kikigoma, watu wapate pa kurudi wakati unatafuta kilichoharibika."

Kidole cha fundi kilibaki hewani. Alimtazama, akaitazama skrini, kisha akafuta amri aliyoandika, akaandika nyingine inayokiacha kimoja. Wakahamia mashine ya pili. Kwenye ya tano fundi alimuuliza, kwa sauti ya chini kama anayeuliza njia, ile mistari mitatu aliyoibadilisha mara ya kwanza ilikuwa ipi hasa, na Bi Swichi akamwonyesha.

Walimaliza saa saba mchana. Fundi alipotaka kusaini kitabu cha kutokea, Bi Swichi alikiwekea mkono juu.

"Bado," alisema. "Tujaribu zote nane kwanza." Wakarudi mashine ya kwanza, wakaanza kuita majina ya wagonjwa kutoka kwenye rejista.